Mzozo wa Chozi Jike

Mkitaka kumjua chozi jike, ndege yule mdogo anyonyaye maua, acheni kwanza kumtazama dume. Najua si rahisi. Dume akitua kwenye ua la mgomba na jua likampata, hung'ara kijani na zambarau mpaka mtu akasahau alilokuja kulifanya. Jike yupo pembeni, mgongo wa rangi ya majivu, kifua cha manjano iliyofifia, na wengi wenu mtaondoka mkiapa kwamba hakuwepo. Mimi nilimtazama yeye kwa muda wote niliofundisha baiolojia hapa Wete. Nawaandikia nyinyi mnaoanza kushika chaki sasa, kwa sababu nimesikia kuwa mada ile mnaipita mbio. Mnawapa watoto maana ya uteuzi wa asili, mnawapa maana ya uteuzi wa wenzi, wanakariri, wanafaulu, kwisha. Mnanisikitisha, na kwa kuwa nimestaafu na sina tena mkaguzi wa kumwogopa, nitasema.

Naitwa Bi Zuwena, nakaa Jadida. Shule niliyofundisha ilikuwa na maabara ya chumba kimoja, yenye mabomba yasiyotoa maji na dirisha moja zuri. Nje ya dirisha palikuwa na mndimu, na kwenye mndimu chozi alikuwa akitundika kiota chake, kifuko cha nyasi kilichofungwa kwa nyuzi za buibui, chenye paa na kijimlango ubavuni. Kiota kikichakaa walijenga kingine tawi la jirani. Wenzetu wa shule nyingine walililia darubini. Sisi tulikuwa na mndimu.

Mwalimu aliyenilea kazini, nilipokuwa bado msichana ninayetetemeka mbele ya ubao huko Chake Chake, aliniambia neno moja ambalo nalileta kwenu kama nilivyopewa: usimpe mtoto jibu kabla hujampa ugomvi. Mtoto akijua watu wazima wenye akili waligombana juu ya kitu, atakaa macho. Ukimwambia kwamba yote yalishajulikana zamani, atalala, na ana haki ya kulala.

Na ugomvi tulikuwa nao. Mabwana wawili wa Kiingereza wa zamani, waliokubaliana karibu kila kitu juu ya jinsi maumbile yanavyowachuja viumbe, walifarakana kwenye rangi ya ndege. Mmoja alisema dume kapambika hivi kwa sababu majike, kizazi baada ya kizazi, walimchagua yule aliyewapendeza. Mwenzake akasema hapana, hilo ni kumpa ndege jicho la binadamu. Dume anang'ara kwa sababu ana nguvu za ziada na hana la kumzuia asing'are. La kuulizwa ni kwa nini jike hang'ari, na jibu lake ni kwamba anayeonekana akiwa juu ya mayai huliwa. Walikufa hawajamaliza. Mimi nilishika upande wa yule wa kwanza, na mwenzangu wa maabara, Mwalimu Hamadi, akashika upande wa pili, na tukaendelea walipoachia.

Mwalimu Hamadi alikuwa mtu wa hapahapa Wete, mrefu, mwembamba, kofia yake siku zote imeinama upande mmoja. Mbishi, lakini mbishi mwenye adabu. Hakuwahi kunikatiza. Alingoja nimalize, anywe chai yake funda moja, halafu ndipo anibomoe.

"Bi Zuwena, yule jike haulizwi," alikuwa akisema. "Anayeuliza ni kunguru. Anauliza, nani namwona? Aonekanaye ndiye aliwaye."

"Na dume mbona haliwi?"

"Huliwa. Walioliwa weye utawaonea wapi?"

Nilikaa na jibu hilo wiki nzima. Nikarudi na la kwangu: kiota cha chozi kina paa. Jike akiwa ndani kunguru haoni mgongo wake, sasa rangi ya majivu ya nini? Hamadi akanichukua mpaka dirishani, akanionyesha jike amekaa kiotani na kichwa chake chote kiko nje ya kijimlango, anatazama dunia. Haya, hilo nikalifuta. Kisha akaniletea mdiria, yule ndege wa buluu anayekaa juu ya mikoko. Dume anang'ara na jike anang'ara, na wote wawili hutagia shimoni, ambako jicho la adui halifiki. "Waona? Mwenye kuta hajifichi," akasema. Lilikuwa pigo zuri, na mpaka leo naliheshimu.

Siku nyingine alikuja darasani na kiwavi mwekundu mwenye manyoya, kamwokota kwenye majani, akamtupia kuku wa mpishi wa shule. Kuku akamdonoa, akamtema, akafuta mdomo mchangani kwa muda mrefu. Mpishi alikasirika kwelikweli, akadai kuku wake katiwa sumu, na Hamadi ilibidi amwombe radhi mbele yetu. Lakini watoto hawakusahau tena kwamba rangi si pambo tu. Pengine ni tishio, pengine ni kificho, na ukitaka kujua ni kipi, jiulize kwanza nani anaitazama.

Mimi nami nilikuwa na siku zangu. Mara ya kwanza kulipeleka darasa dirishani nilijitanda mtandio mpya wa rangi ya machungwa, niliununua kwa ajili ya Idi. Jike hakurudi kiotani mpaka kengele ikalia. Hamadi alipita mlangoni akanitazama juu mpaka chini. "Bi Zuwena, leo weye ndiye dume," akasema, na darasa zima likaniangukia kwa vicheko. Tangu hapo dirishani nilikwenda na buibui langu jeusi, na nyinyi fanyeni hivyo. Kaeni mbali na kioo. Msinyooshe kidole. Na msizungumze, kwa sababu ndege huvumilia kelele za mbali kuliko mnong'ono wa karibu.

Kosa jingine lilikuwa la jogoo. Nilidhani nimepata mfano wa nyumbani, nikasema mtazameni jogoo, upanga wake mwekundu, mkia wake, yote hayo ni kazi ya macho ya tetea. Msichana mmoja wa mstari wa mbele hakungoja nimalize. "Mwalimu, jogoo wetu kachaguliwa na baba sokoni. Tetea hakuulizwa." Na ni kweli, kuku wa kufugwa kachaguliwa na watu muda mrefu mno, hafai kuwa shahidi wa jambo hili. Msichana mwenyewe alikuwa Salma, binti yake Mwalimu Hamadi. Mtoto yule hakuwahi kuulizwa swali likafika mwisho. Ukigeuka kuandika ubaoni, yeye keshaijibu sentensi yako. Nilimpenda, na pia alinichosha, na mwalimu yeyote mkweli anajua kuwa mambo hayo mawili hukaa pamoja.

Sasa la miguu, kwa sababu hili ndilo ninalotaka mlibebe. Chozi dume akimtaka jike huimba, hugeuza kifua, hufunua vinyoya vya manjano alivyovificha chini ya mbawa. Jike akikubali hujilegeza na kutetemesha mbawa, na hilo hata mtoto mdogo huliona. Tabu ipo pale anapokaa kimya. Dume anaimba, jike katulia, na wanafunzi wote wanaandika "amekubali". Kisha jike huyo anaruka kwenda zake, na dume anabaki akiimbia tawi. Wakawa wanakosea kila siku, na mimi nikikosea pamoja nao, mpaka Hamadi alipotuambia tuache kutazama mdomo na mbawa. "Tazameni miguu. Vidole vikilegea, huyo kakaa. Vikikaza kitawi, huyo keshaondoka, zimebaki mbawa tu."

"Sasa kama hachagui," nikamuuliza, "anaruka kumkimbia nani?"

"Kunguru."

"Kunguru yupi? Mbona hayupo?"

"Usiyemwona," akasema, na akarudi kwenye chai yake. Alikuwa haachii, lakini jicho lake lilikuwa hodari kuliko hoja yake, na nadhani alilijua hilo.

Mtaniuliza na hili, kwa sababu wazazi watawauliza: je, mada hiyo si kufuru? Kwetu malalamiko yalifika msikitini kwamba walimu wa maabara wanawafundisha watoto kuwa babu zao ni nyani. Shehe wa mtaa wetu hakutaka kusikia ya mitaani, akaja mwenyewe. Tulimpa kiti karibu na dirisha. Alikaa kipindi kizima, tasbihi mkononi, akimtazama chozi.

"Yuno wa majivu ndiye nke?" akauliza, akimkusudia jike.

"Ndiye, Shehe."

"Na nyiye mnabishana nini?"

Tukamweleza kila mtu la kwake. Alisikiliza, akacheka kidogo kwenye ndevu. "Mnabishana kaumbwa vipi. Nani, hilo hamkubishana."

"Hatukubishana, Shehe," akasema Hamadi.

"Basi someshani. Ila msiwachukue watoto mkawaacha nusu ya njia." Tangu siku hiyo kila akipita kwenye uzio wa shule aliuliza, jike wenu hajambo? Kwa hiyo msianze na nyani. Anzeni na kitu kilicho dirishani, na mlango wenu uwe wazi kwa mwenye wasiwasi.

Mimi na Hamadi tulikubaliana jambo moja bila mzozo wowote: binadamu si ndege, na mwalimu anayetoka dirishani kwenda kuwahukumu wanawake au wanaume kwa tabia za ndege anastahili kunyang'anywa chaki. Nalisema hapa kwa sababu ninalokuja kuwasimulia sasa mnaweza kulielewa vibaya. Ndege hakutufundisha namna ya kuishi. Lakini jicho mtu analolinoa kazini hawezi kulivua akifika nyumbani.

Salma alimaliza shule, akaenda Unguja kusomea uuguzi. Katika wakati huo baba yake akaanza kuumwa. Presha ilimlaza, akapona, ikamlaza tena, na kwa miezi mingi mambo ya nyumba yaliendeshwa na kaka yake mkubwa, Mzee Faki. Ikaja posa kutoka Mkoani, kwa watu wa biashara, wema, marafiki wa Mzee Faki wa siku nyingi. Kijana hakuwa na ila. Mzee Faki akakubali kwa niaba ya mdogo wake, na Hamadi alipopata nafuu akaambiwa kwamba binti yake kafurahi. Aliamini. Salma naye alipoitwa nyumbani akakuta mambo yamekwisha, na shangazi yake, Bi Time, akamwambia maneno ambayo Bi Time mwenyewe alinisimulia baadaye kwa kulia: "Babako asitiwe fadhaa, mwanangu. Furaha hino ndiyo dawa yake." Kwa hiyo msichana aliyekuwa na neno kwa kila kitu akalimeza lile moja. Aliogopa likitoka litamuua baba yake.

Nilialikwa, nikaenda, sijui lolote katika hayo.

Ilikuwa baada ya Alasiri. Mnajua desturi, lakini niiseme kwa wale watakaosoma wakiwa mbali. Kabla ya ndoa kufungwa msikitini, baba huja na mashahidi mpaka mlango wa chumba cha wanawake kumtaka binti yake idhini. Binti yupo ndani, nyuma ya pazia. Tumefundishwa kuwa kimya cha mwanamwali ni idhini yake, kwa kuwa haya humzuia kusema, na ni mafundisho mazuri, yamewafaa wasichana wengi wenye haya. Lakini wanawake wetu kwa furaha hawasubiri. Baba akimaliza swali tu vigelegele hupaa, wanaume hugeuka kwenda msikitini, na hakuna anayejua kama kimya kile kilikuwa kimekwisha au ndiyo kwanza kilianza.

Chumba kilijaa udi na asumini. Salma alikaa karibu na mlango, kafunikwa ushungi wa kijani uliotariziwa dhahabu, na hina nyeusi mikononi na miguuni. Nilikaa kwenye mkeka nyuma yake kidogo, ubavuni. Pazia la mlango lilikuwa jipya, na fundi kalikata fupi. Chini yake tuliona viatu vya wanaume na pindo za kanzu.

"Salma binti Hamadi," sauti ya baba yake ikaja, nyembamba kuliko nilivyoizoea. "Watu wa Mkoani wamekuja kukuposa, na miye babako nataka idhini yako nikuoze. Umeridhia?"

Salma akanyamaza.

Nikatazama miguu yake bila kukusudia. Vidole vilikuwa vimeng'ang'ania mkeka, vimekaza mpaka ngozi chini ya hina imekuwa nyeupe. Nilitaka kusema neno, na neno halikuja, kwa sababu pale nilikuwa mgeni, mwalimu tu, na chumba kilikuwa cha shangazi na wakubwa zake. Bi Time alikuwa keshainua mkono mdomoni.

"Bado, Time," Hamadi akasema nyuma ya pazia.

Mkono wa Bi Time ukabaki hewani.

"Hamadi, mwana kanyamaza," akasema Mzee Faki. "Watu wanangoja msikitini."

"Sijajibiwa."

"Mwalimu," Shehe akasema kwa upole, "kimya chake kinatosha."

"Chamtosha mwenye haya, Shehe. Yuno tangu aanze kusema hajanyamaza. Muulize Bi Zuwena, humo ndani yumo. Hajapata kumaliza kuandika ubaoni mbele yake."

Mtu mmoja chumbani akacheka, akajishika. Kisha nikaona upindo wa kanzu moja unashuka. Hamadi, mgonjwa wa watu, alikuwa anachutama pale mlangoni, kashika mwimo kwa mkono, taratibu, mpaka kanzu yake ikatanda sakafuni. Uso wake hatukuuona. Lakini mimi nilijua anatazama nini.

"Mwanangu," akasema, na sauti sasa ilitoka chini, usawa wa Salma alipokaa. "Vidole vyako vyaniambia jambo. Sitaki la vidole. Nambie weye."

"Baba, nikisema utaumwa."

"Ntaumwa usiposema."

Udi uliendelea kuungua. Salma akakunja kichwa mpaka magotini, akakiinua. "Sikuridhia, baba. Yeye hana baya. Sikuulizwa."

Nilisikia Mzee Faki akishusha pumzi kwa nguvu, na Shehe akimtaja Mwenyezi Mungu. "Basi hakuna ndoa," Shehe akasema. "Kimya ni rukhsa kwa anayeona haya kusema. Huyu kasema."

Hamadi aliinuliwa pale chini na Shehe, akaenda msikitini kwa miguu yake. Shehe alitusimulia kwamba alisimama mbele ya watu wote, kofia kaiweka sawa kwa mara ya kwanza, akasema, "Mwanangu hakuridhia. Kijana wenu hana kosa, na nyinyi hamna kosa. Kosa la kutouliza ni langu. Chakula kipo, ni chenu." Watu wa Mkoani waliondoka bila kugusa chakula, isipokuwa kijana mwenyewe, aliyerudi kumpa Hamadi mkono. Mzee Faki alitoka akapita mbele ya nyumba ya mdogo wake hakugeuka, na hakuingia tena mle Hamadi akiwa hai.

Msidhani watu walimpigia makofi. Walimsema. Walimwita mwalimu wa ndege, walisema kasoma mpaka akili zimemwagika, kamfundisha binti kumvua nguo baba yake mbele ya watu. Kwenye safu ya swala aliwekewa nafasi pana kuliko anavyohitaji mtu mwembamba. Salma alisemwa zaidi, akarudi Unguja masomoni akiwa kakonda. Niliumia kwa ajili yao wote wawili, na nasema wazi kwamba wiki zile niliwachukia jirani zangu.

Hamadi aliporudi kazini alinikuta dirishani. Jike alikuwa anaingiza sufi kiotani, anatoka, anaingia.

"Sema," akaniambia.

"Sisemi."

"Sema kuwa jike huchagua. Umelingoja miaka yote."

"Hamadi, sikulitaka hivyo."

Akanywa chai yake. "Basi ntasema miye. La kufifia sikuachii. Jike kafifia ili asiliwe, na ntakufa nalo. Lakini nilikuwa nadhani aliyefifia hana neno. Hilo ndilo nililokosea, Bi Zuwena. Kujificha ni kitu kimoja, na kutokuwa na neno ni kitu chengine."

Na mimi nikamwachia lake, kwa sababu alikuwa amelilipia. Nilikuwa nikifundisha kuchagua kana kwamba ni jambo jepesi la tawini, jike anatazama, anapenda, basi. Sikuwa nimefikiri ya kutosha juu ya kunguru. Anayechagua huonekana, na anayeonekana yuko hatarini, na huenda ndiyo sababu uchaguzi mwingi duniani hufanywa kimya mpaka dakika ya mwisho. Kuanzia muhula ule tulifundisha pamoja, yeye upande huu wa ubao na mimi upande ule: kwamba rangi ya ndege ni mapatano kati ya jicho la mwenzi na jicho la adui, na kila ndege kapatana kivyake. Ndivyo wataalamu wengi wanavyoona siku hizi, ingawa bado wanagombana ni jicho lipi limevuta zaidi. Waacheni wagombane, na watoto wenu wajue kuwa wanagombana.

Pia tulibadilisha swali la mtihani. Zamani Hamadi aliuliza kwa nini chozi jike hana rangi. Sasa akauliza hivi: chozi jike amekaa kimya mbele ya dume, eleza unachotaka kukiona kabla hujaandika kuwa amekubali. Aliyekimbilia kuandika amekubali, au hakukubali, hakupata kitu.

Presha ilimchukua kabla sijastaafu. Mzee Faki alikuja mazikoni, akaingia katika nyumba ile, akabeba jeneza mbele, mzee wa umri ule, hakutaka kupokewa. Nilimwona baada ya watu kutawanyika, kakaa kwenye baraza ya mdogo wake peke yake na viatu vyake mkononi.

Salma alimaliza masomo, akapata kazi hospitali, na baada ya muda akaja kijana wa Madungu, mwalimu, aliyemtaka na ambaye yeye Salma alimtaka. Hili hakuna aliyelificha. Lakini baba hayupo, na wa kuoza akawa ami yake, Mzee Faki. Nilikwenda harusini kwa wasiwasi. Chumba kilekile, udi uleule, pazia lilelile fupi, na Salma kakaa mahali palepale. Mimi nikakaa nilipokaa.

Mzee Faki akauliza. Aliuliza taratibu, akalitaja jina la mdogo wake, Salma binti Hamadi, na lilipotoka jina hilo Salma akaanza kulia. Machozi yalimkaba, hakuweza kujibu. Nikatazama miguu. Ilikuwa imelegea, mmoja umelala juu ya mwingine. Nilijua, na nilikaa kimya, kwa sababu jibu halikuwa langu. Bi Time naye, mikono yake ilikuwa mapajani, imeshikana, na wanawake wote mle chumbani walikuwa wanamtazama Salma, na hakuna hata mmoja aliyeinua mkono mdomoni.

Nje mtu akasema, "Mzee, twende, kanyamaza."

"Miye nangoja," akasema Mzee Faki. "Ndugu yangu alingoja."

Tukaona upindo wa kanzu yake unashuka, polepole, magoti yake yakilia, mpaka ikatanda sakafuni pale ilipotanda ile nyingine. Salma akaitazama. Akafuta uso kwa ncha ya ushungi, akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena.

"Nimeridhia, ami."

Ndipo Bi Time akapiga kigelegele.